Tufe Jeusi la Skarvneset

Torborg aliishi miaka kumi na tisa kwenye mnara wa taa wa Skarvneset, juu ya mwamba usioota hata mchicha. Mumewe, Sigvart, ndiye aliyeitunza taa. Mimi nilikuwa nahodha wa boti ya barua, na nilipita kila baada ya wiki mbili. Pale mtu hupanda na kushuka kwa kikapu cha winchi tu, na mwenye taa ndiye anayeamua. Akipandisha tufe jeusi mlingotini, maana yake mawimbi ni mabaya, usikaribie. Nahodha habishi. Ndiyo sheria yetu.

Septemba ile mama yake Torborg aliugua huko Vadsø, akawa anamwita. Safari ya kwanza nilikuta tufe liko juu. Ya pili, juu. Ya tatu maji yalitulia hata ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu, lakini tufe lilikuwa juu, na Torborg amesimama kando ya winchi na sanduku, amevaa koti lake la kanisani. Nikageuza boti. Naona haya mpaka leo.

Safari ya nne tufe lilikuwa chini. Nikapanda na barua, akaisoma palepale. Mama yake alikuwa ameshazikwa.

"Nahodha," akaniuliza, "zile safari tatu bahari ilikuwaje?"

"Mwambie, Hilmar," Sigvart akadakia. "Ilichafuka."

Nimesema uongo mwingi maishani, ila huo ulinikwama kooni. "Ilikuwa shwari, mama."

"Angeenda asirudi," Sigvart akanung'unika. "Mimi ningebaki na nani hapa?"

Torborg alikunja barua, akaingia ndani kutuchemshia kahawa.

Mwezi Machi Sigvart akanipigia simu ya redio: jino linamuua, nimpeleke kwa daktari. Nilimkuta kwenye winchi na begi lake, shavu limevimba kama andazi. Hapakuwa na wimbi. Lakini nyuma yake tufe jeusi lilikuwa juu, na chini ya mlingoti alisimama Torborg na koti lake la kanisani, kamba ya tufe ameizungusha kiunoni.

"Sogea basi, bwana," Sigvart akaniita. "Kwani huioni bahari?"

"Naliona tufe."

Akageuka, akatazama juu, kisha akamtazama mkewe. Begi likamtoka mkononi. Mkuki kwa nguruwe.

Nikageuza boti. Safari hiyo sikuona haya.