Hatua Ishirini za Mihogo

Jua halijatoka vizuri, na Chomba Mutale amekwisha kupima kiwanja mara tatu. Anatoka goli moja kwenda lingine akihesabu hatua kwa sauti, anafika shimoni, anasimama. Anarudi kuanza upya, kana kwamba shimo litaona haya liondoke.

Chomba, mwenye miaka thelathini na minne, kazi yake ni kubadilisha mataruma ya reli. Kijiji chake kiko njia ya Kasenga, kilometa kumi na tisa toka Élisabethville. Jumapili yeye ni kapteni.

Kwa miaka sita timu imehamahama. Kiwanja cha kwanza kiligeuka shamba la mahindi la mzungu, cha pili kikapitiwa na barabara. Hiki cha tatu chifu aliwapa mwaka jana, 1953, na kichuguu kirefu kuliko nyumba mbele ya goli.

Basi, huku kila mtu anajua udongo wa kichuguu ndio wa matofali. Chomba akapatana na Mwenze, mfyatua matofali: achukue udongo bure, timu ibaki na kiwanja tambarare. Kisha reli ikampeleka Chomba mbali majuma matatu. Aliporudi, kichuguu hakipo. Mahali pake pana shimo la kufika kiunoni.

"Nilikuambia uondoe kichuguu, Mwenze!"

"Si niliiondoa? Udongo ya muzuri iko chini, ndugu yangu. Hukuniambia nisimame wapi."

"Sasa mvua ikinyesha tutacheza na samaki?"

Siku nne timu imebeba matofali yaliyovunjika. Shimo limeyameza yote, bado linaomba.

Na keshokutwa, Jumatatu, bwana wa serikali anakuja kupima. Asipokuta hatua mia moja zisizo na shimo, ardhi itapewa mkulima mzungu aliyekwisha kuiomba.

Njia imebaki moja: kusogeza magoli yote mawili hatua ishirini upande wa magharibi, shimo libaki nje. Magharibi ni shamba la mihogo la mke wake, Honorine.

"Mama Floribert, niko naomba hatua makumi mbili tu."

Honorine anaendelea kumenya mihogo. "Ile ndiyo shamba yangu yote, baba. Batoto batakula goli?"

"Nitakulimia ingine."

"Weye? Jembe unaijua jina tu." Anacheka, kisha anaacha kucheka. "Timu yote. Bantu kumi na moja, na majembe. Banilimie kule ng'ambo ya mto kwanza. Banimalizie, ndiyo bang'oe mihogo."

Chomba hakungoja chai. Amepita nyumba kwa nyumba; anataka shamba jipya liishe leo, milingoti isimame kesho baada ya misa.

"Kumi banakubali," anawaambia wachezaji waliomfuata, jembe liko begani tayari, miguu haitulii. "Kipa anasema mugongo inamuuma. Nitamutuma Honorine kule kwake. Atapona."