Michoro ya mkaa jikoni kwa mama

Leo nimeumbuka kwa mama yangu, huku Bunda.

Nimetoka semina ya kupanga malengo Musoma, najiona mtaalamu. Mama hakusoma, nikamwambia, "Nitakuandikia malengo yako. Ukitimiza moja, tunalipiga mstari."

Akacheka, akaniingiza jikoni.

Jamani, ile michoro ya mkaa ukutani! Utotoni nilichapwaga kwa kuifuta.

Ng'ombe, kapigwa mstari.
Nyumba ya bati, imepigwa mstari.
Mtoto mwenye begi la shule, naye kapigwa mstari. Kumbe ni mimi.

Ulibaki mtumbwi tu.

"Na huu, mama?"

"Wa kwenda kisiwani Rukuba kumwona dada yangu. Nilikuwaga nasubiri kwanza umalize shule."

Nilimaliza miaka tisa iliyopita. Sijawahi kumuuliza.

Jumamosi tunavuka.

Wenzangu, mama zenu wanasubiri nini?