Viatu vya Jirani na Maji ya Ugogo

Walisema nitarudi Tabora na begi lilelile nililoondoka nalo. Ni kweli, nilirudi na begi lilelile. Ila ndani yake mlikuwa na stashahada ya uandishi wa habari, na hiyo hakuna aliyeitabiri. Sikusomeshwa na baba wala mjomba. Kule Dar es Salaam niliosha vyombo kwa mama lishe alfajiri, nikauza makava ya simu jioni, na katikati nikasoma. Wako waliolipiwa kila kitu na wazazi wao wakaishia njiani. Mimi nilimaliza.

Aliyenibeza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Gongoni, pale Tabora mjini, mzee mmoja fundi baiskeli. Siku niliyoondoka aliinua uso kutoka kwenye gurudumu akasema, "Hao wanaokwenda Dar hawarudi na kitu. Wengine hawarudi kabisa." Nilipomwambia nakwenda kusomea utangazaji alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Wewe? Mtoto wa kijijini Kwihara usome habari, halafu sisi tukae kimya tukusikilize?"

Kwa hiyo redio moja ya mjini iliponiita kwenye usaili, niliutangazia mtaa mzima kabla hata sijafika huko. Nilisema kazi ni yangu. Mama mkubwa, niliyekuwa naishi kwake, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mjomba wako wa Ulyankulu kapiga simu. Anasema ukikosa, tumbaku inakusubiri." Shamba halikunitisha. Kilichonitisha ni kupita mbele ya benchi la yule fundi, na jembe begani.

Nilikuwa na stashahada, lakini sikuwa na vazi la kuendea usaili. Binamu yangu, mwimbaji wa kwaya ya Wamoraviani, akaniazima shati jeupe. "Jumapili nalitaka," alisema, "na jasho lako ubaki nalo mwenyewe." Mama mkubwa akaniachia redio yake ndogo niwasikilize wasomaji wa habari, yeye akakosa vipindi vyake vya dini. Vilibaki viatu. Mama mkubwa alikwenda kuomba kwa fundi bila kuniambia, maana angeniambia ningemzuia.

Fundi alivileta mwenyewe, vimefungwa kwenye gazeti. Vyeusi, vya ngozi, soli bado mpya.

"Vya mwanangu," alisema. "Aliviacha. Alisema Dar atanunua vizuri zaidi."

Mwanawe huyo alikuwa ameondoka miaka mingi kabla yangu, na simu yake ilikuwa imeacha kuita siku nyingi. "Usivikanyagishe maji," alisema, akaondoka.

Vilinipwaya. Nikajaza vitambaa vidoleni, nikaanza kujifunza kutembea navyo uani huku nikiusomea ukuta habari. Nilikariri maana ya habari, maadili ya mwandishi, tofauti ya ripoti na makala. Nilijibana koo ili sauti iwe nzito. Fundi akipita alichungulia juu ya ua. "Mtangazaji! Ukuta umekubali?"

Mama mkubwa yeye alinifundisha kukaa. "Mkubwa akikusema, inamisha macho, itikia. Usimjibu. Huo ukali wa Dar uuache hapa mlangoni."

Hakuna aliyejiandaa kama mimi. Nalisema hilo bila kuona haya. Hata hivyo siku ya usaili, nikiwa kwenye korido ya redio, niliifungua na kuifunga bahasha ya vyeti mara tano.

Ndani walikuwa watu watatu. Mama mmoja na kijana mmoja waliniuliza yaleyale niliyoyakariri, nikayajibu vizuri mno. Kisha yule wa katikati, mhariri mkuu, mzee mwenye miwani, akasoma jina langu kwenye barua, akasoma na mahali nilipozaliwa. Akaivua miwani.

"Mnyamwezi wa Kwihara," alisema. "Mimi Mgogo. Babu zako walipita kwetu Ugogo wakitoka pwani na mizigo ya watu kichwani, wakayanywa maji ya visima vyetu, hawajalipa mpaka leo. Umekuja kulipa, au umekuja kukopa tena?"

Nikainamisha macho, kama nilivyofundishwa. Nikayaona mapaja yangu, nikaviona viatu.

"Na hivyo viatu," akaendelea, "umemvua nani?"

Niliamini amejua kuwa ni vya kuazima. Niliona shati la kwaya, redio ya mama mkubwa, vitambaa vidoleni, vyote vimewekwa juu ya meza yake. Nikafunga bahasha. Nilikuwa tayari kusimama, niwaachie kazi yao.

Nilipoinua kichwa nikawaona wale wawili. Hawakuwa na sura ya watu wanaoshuhudia mtu akidhalilishwa. Walikuwa wananingoja. Nilikuwa nimeziona sura hizo utotoni, kwenye kila msiba na kila harusi ya kwetu, Mgogo anapoingia uwanjani na watu wote wanageuka kumtazama mtani wake Mnyamwezi, waone atajibu nini. Dar ilikuwa imenifundisha kulinda heshima yangu mpaka nikasahau kuna mtu mwenye haki ya kuichezea.

"Mzee," nilisema, "maji yale yalikuwa ya chumvi. Babu aliyanywa kwenu, akafika Kwihara kiu imezidi. Tungelipa nini? Nyinyi ndio mtulipe koo letu. Na visima vilipokauka mmetufuata huku, tumewapa hadi kiti cha kuzunguka."

Yule mama alijifunika uso kwa faili. Mhariri alicheka mpaka akakohoa, kisha akarudisha miwani, akawa mtu mwingine kabisa.

"Ningekutuma vijijini," alisema, "watani wakakutukana nawe ukanuna hivyo, ungerudi na daftari tupu. Umechelewa kidogo. Lakini umefika."

Nilianza kazi mwezi uliofuata. Mshahara wa kwanza ulipotoka nilizunguka kwa wote walioniazima, kwa siku moja. Binamu alikuwa amekwisha kupata shati lake. Nikampelekea jipya la kukaa nalo. Mama mkubwa nilimnunulia redio kubwa, akailalamikia kuwa inapiga kelele. Mwisho nikaenda kwa fundi na vile viatu, nimevipaka rangi, nimevitia kamba mpya.

"Shikamoo mzee. Nimerudisha."

"Marahaba." Alijipangusa grisi, akavipokea, akaingiza mkono ndani ya kimoja, akatoa kitambaa nilichokisahau. Nilingoja dhihaka. Nilikuwa nimeandaa hata jibu.

"Huko kwenu redioni," aliuliza, "mnatangaza na watu waliopotea?"

Nikamwambia tunatangaza.

Akaviweka chini ya benchi, ncha zikielekea barabarani. Kisha akanivutia kigoda nikae, akaanza kunieleza mwanawe alivyo.