Kikapu Kilichozunguka Kinyume

Mume wangu alikuwa mpiga picha Uvira. Alikuwa na studio ndogo karibu na soko, nami nilifanya kazi nyuma ya pazia, katika chumba cha giza, nikisafisha filamu na kutundika picha zikauke. Vita vya pili vya Kongo vilipotuondoa kule tulipita Tanzania, tukafika Malawi, tukapewa kiwanja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kamera ilisafiri ndani ya sufuria, imeviringishwa kitenge. Ilifika salama kuliko sisi.

Macho ya mume wangu ndiyo hayakufika salama. Tulipomaliza kujenga nyumba yetu ya matofali mabichi, ukungu ulikuwa umeanza kuyafunika. Mtoto wa jicho, walisema kliniki. Siku moja alipiga picha ya bibi harusi kanisani, na picha iliporudi kutoka mjini, kitu pekee kilichoonekana vizuri kilikuwa ukuta ulio nyuma ya bibi harusi. Mume wangu alikuja nilipokaa nikichambua maharage, akaniwekea kamera mapajani.

"Kuanzia leo we njo utapiga," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Mi? Mi najua kusafisha tu."

"Miaka yote ile uliangalia picha zangu kabla ya kila mutu. Unajua zenye ziko nzuri na zenye ziko mbaya. Hiyo tu njo kazi."

Nilipoendelea kukataa, alikaa chini kando yangu. "Usianze na nyuso za batu," alisema. "Uso utakuogopesha. Anza na mistari. Tafuta kitu chenye kimenyooka, tafuta na kitu chenye kimepinda, uangalie vile vinakutana."

Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita. Harusi, ubatizo, watu waliotaka kuwatumia ndugu zao sura zao, wote hao walikula nyingi, lakini mara kwa mara zilibaki tatu au nne mwishoni. Hizo zilikuwa zangu. Nilipiga kamba ya nguo iliyolegea katikati kwa uzito wa mashati ya kwaya. Nilipiga baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, iliyopinduliwa ikizibwa pancha, spoki za gurudumu zikitupa kivuli chao mchangani. Nilipiga matuta ya mahindi ya upande wa Dowa, yanavyokwenda sawasawa mpaka yakutane na kilima, kisha yanajikunja kukizunguka kama watu wanaompisha mgonjwa. Nilipiga beseni lililokuwa na maji nusu, jua limechora duara jingine ndani yake.

Majirani walipata cha kuchekea.

"Mama, unapiga beseni? Beseni nayo iko na ndugu Ulaya?"

Picha zilipokuja, mume wangu alizipeleka dirishani, akazisogeza mpaka karibu ziguse pua. Alifuata kila mstari kwa ukucha. "Hapa ulitetemeka," alikuwa akisema. Au, "Hapa ulisubiri. Vizuri, mama. Hapa ulisubiri." Nilikuwa mama wa watoto watatu, na nilifurahia maneno hayo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jirani yetu wa upande wa choo alikuwa mama wa Burundi, mtu mzima, mwembamba, anayeishi peke yake. Alisuka vikapu vya mfuniko kwa majani makavu na nyuzi alizochambua kwenye magunia matupu ya unga. Alianza na kitu kidogo kama kifungo, akakizungusha na kukishona, akakizungusha na kukishona, mpaka kikawa kikapu. Kikienda vibaya hakukifumua. Alikikalia. Alikiweka chini, akakikalia kwa nguvu zake zote mpaka kikae sawa, akachukua jani jipya.

Nilimwomba nimpige picha. Alikataa kabla sijamaliza kusema.

"Sura yangu ibaki hapa hapa ilipo," alisema. "Watu waliokuja nyumbani kwetu na moto sijui siku hizi wanakaa wapi."

Sikumuuliza tena. Lakini wiki kadhaa baadaye aliniita mwenyewe. "Mikono piga," alisema. "Mikono haina jina." Nikachuchumaa mbele yake, nikapiga mara mbili: kikapu kikiwa nusu, mikono yake juu yake, gunia la unga nyuma. Ni kupitia kamera tu ndipo nilipoona kwamba alikuwa mashoto. Sindano ilikuwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mzunguko wa kikapu ulikwenda kinyume na vikapu vyote nilivyowahi kuona.

Filamu nilizipeleka Lilongwe, kwenye studio moja ya mtaa wa Area 18. Nilipanda kabaza mpaka barabara ya lami, kisha minibasi. Mwenye studio alikuwa mama wa Kimalawi, mnene, mcheshi, aliyenisamehe Chichewa changu kibovu. Picha zangu za mistari zilimfurahisha. Ile ya kikapu aliipenda hata akaikuza, akaomba ruhusa aitundike ukutani, juu ya kiti cha wanaopiga picha za pasipoti. Nilimuuliza jirani yangu. Alifikiri, akasema kikapu kinaweza kwenda mjini, yeye hapana.

Mwezi uliofuata, niliposukuma tu mlango wa studio, yule mama aliacha mteja wake akaja kunishika mkono.

"Amayi, mama yangu, ulikuwa wapi? Kuna mwanamke amekuja hapa mara tatu kukutafuta."

Akanieleza. Mwanamke huyo alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Alipotakiwa akae, hakukaa. Alisimama akiangalia ukuta. Akauliza nani amesuka kikapu kile, naye mama wa studio akajibu kwamba hajui, ni mtu wa kambini. Mwanamke akasema dada yake alikuwa akisuka hivyo, kinyume, kwa mkono wa kushoto, na mama yao alikuwa akimchapa vidole ili abadilishe, wala hakubadilisha. Tangu nyumba yao ichomwe aliamini dada huyo amekufa.

"Nami nikaharibu," mama wa studio alisema, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Nilimwambia labda ni mimi. Filamu ukiiweka vibaya kwenye mashine, picha inatoka imegeuka, kushoto inakuwa kulia. Hutokea. Aliondoka analia."

Nilijua kwamba hutokea. Uvira nilishawahi kumgeuza askofu mzima, pete yake ikahamia mkono mwingine. Nilisogea ukutani nikaiangalia picha upya. Nyuma ya mikono, kwenye gunia la unga, kulikuwa na herufi zilizofifia. Nilizisoma moja moja kwa kidole. Zilisomeka sawa.

"Haikugeuka," nikasema. "Angalia gunia."

Yule mama aliangalia, akapiga makofi mara moja, akaketi kwenye kiti cha pasipoti.

Mwanamke alikuwa ameacha maelekezo: anauza nyanya mtaa wa Nsungwi, kando ya bomba la maji. Nilikwenda siku ileile, filamu zangu nikaziacha mezani. Nilimtambua kabla sijauliza, kwa shingo. Ilikuwa shingo ya jirani yangu, ila imenenepa kidogo. Nilijitambulisha, nikamwambia picha haikugeuka. Hakusimama. Aliendelea kupanga nyanya, nne chini, moja juu.

"Watu mashoto ni wengi," alisema kwa Kiswahili chenye sauti ya Kirundi.

"Ni wengi."

"Huyo wenu, kikapu kikimharibikia anafanya nini?"

"Anakikalia," nikasema.

Nyanya zilianguka. Alijifunika uso kwa khanga yake, akalia mbele ya wateja, na wanawake waliopanga foleni ya maji wakaacha ndoo zao wakaja kumzunguka bila kujua sababu.

Alikuja Dzaleka Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimemwambia dada yake, lakini dada yake hakuniamini. Alisema watu wa mjini wanapenda kudanganya. Siku hiyo alikaa mlangoni akisuka kama kawaida, hakuinua kichwa hata tulipofika hatua chache mbele yake. Mdogo wake akapiga magoti. Mkubwa alimwangalia muda mrefu. Kisha aliweka sindano chini, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa chote, nyuma ya masikio, paji la uso, kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Umenenepa," alisema hatimaye.

"Nimeolewa," mdogo akajibu, na ndipo wote wawili walipolia.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Piga," alininong'oneza. Sikupiga. Kamera ilikuwa shingoni, filamu ilikuwa na nafasi, lakini yule mama alikuwa amenikataza sura yake na sikuona kwamba kulia kwake kulinipa ruhusa. Mume wangu aliniuliza baadaye walivyokuwa wamekaa, nikamwelezea: mgongo mmoja umeinama juu ya mwingine, miguu ya mdogo imenyooka mbele kama ya mtoto. Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. "Hiyo nimeiona."

Mdogo alitaka kumchukua dada yake wakaishi wote Nsungwi. Mkubwa alikwenda, akakaa wiki tatu, akarudi na godoro jipya kichwani mwa kijana wa minibasi. Alisema shemeji yake ni mtu mwema ila nyumba ina milango mingi mno ya kufunga usiku, na nyasi za kusukia hazipo. Basi mdogo ndiye aliyekuja, karibu kila Jumapili baada ya ibada, na nyanya zilizobaki. Alileta na kazi yake ya kusuka, maana alitaka kukumbuka. Walikaa ukutani kwetu, upande wenye kivuli, mmoja anazungusha huku, mwingine kule, viwiko vinagongana.

"Sogea," mkubwa alikuwa akisema. "Umekaa upande mbaya."

"Ni wewe uliyezaliwa upande mbaya."

Ndani ya nyumba mume wangu alicheka mpaka akakohoa, akaniomba nimfungulie dirisha, asikie vizuri.