Kompyuta Iliyotaja Jina

Sijawahi kudharau mashine kama nilivyoidharau kompyuta ya sebuleni kwetu Karatu. Ilikuwa na tabia za wapiga debe wa stendi: hujashuka vizuri, wameshanyakua begi lako na kukuchagulia safari. Ukichomeka flashi tu, inafungua video ya kwanza na kuipiga kwa sauti yote. Aliyeizoesha ni binamu yangu wa Endamarariek, mwongoza watalii. Siku moja alibofya "fanya hivi kila mara" ili muziki wake usimcheleweshe. Mtu anayekaa kutwa akingoja chui ashuke mtini, nyimbo zilimshinda kungoja!

Asubuhi moja koko, mama yake mama, aliyetoka Arash kuja kutibiwa macho, alikuwa kwenye kochi na chai yake. Nilitaka kuchapisha kurasa za riwaya yangu, nikachomeka flashi, nikisahau kwamba ina video ya harusi ya zamani. Kioo kikajaa sura ya mjomba, kitinda mimba wake, tuliyemzika kabla ya masika. Alikuwa harusini, anacheka. "Mimi naitwa..." Akalitaja.

Kwa Wamasai, jina la marehemu halitajwi. Miezi yote ile tulilikwepa kama ng'ombe wanavyokwepa daraja bovu. Kompyuta ikalibwaga sebuleni, tena kwa kelele.

Koko aliweka kikombe chini. "Nirudisheni Arash," alimwambia mama. "Macho basi."

Binamu, aliyekuwa amelala kwetu usiku huo, akajitia kusuluhisha. "Bibi, hiyo ni otomatiki. Haina nia mbaya."

"Haina nia yoyote," alijibu koko. "Ndiyo maana haifai kukaa na watu."

Binamu akanigeukia. "Na wewe mwandishi mzima, kuzima tu huwezi?"

Nilimtazama fundi huyu wa kuwasha. Kisha nikachomoa flashi, nikaingia kwenye mipangilio, nikapekua orodha moja baada ya nyingine, hadi nikakuta pa kuchagua: "Usifanye chochote." Sijawahi kusoma maneno mazuri kuliko hayo kwenye mashine. Nikayabofya, nikachomeka flashi tena mbele ya koko. Kimya.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza, koko."

"Sasa inangoja kuambiwa?"

"Inangoja."

Akanyanyuka kochini, akavuta kiti hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Basi iambie ianze baada ya jina," alisema. Mjomba alipoanza kucheza, alikunja uso, akakodoa. "Na kesho nipelekeni kwa daktari. Namwona nusu tu."