Mama alipata mkanda wa jeshi usoni, akasema kuna mgeni ameingia kichwani mwake

Wakuu, leo naingia bila hodi. Sababu mtaiona huko mbele.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Sumbawanga. Najua mkishasikia hilo jina tu mnaanza habari za ungo na radi za kiangazi. Chekeni mmalize kabisa, nawasubiri.

Mmemaliza? Haya. Humu hamna ungo. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na pale nisipojua nitasema sijui.

Nina mashine ya kusaga pale Mollo. Mama yangu anaishi Mwazye, kule Kalambo, pamoja na mdogo wangu wa kike anayeitwa Skola. Mama ni mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa kanisani, mtu wa jumuiya, na mdomo anao. Alikuwa anaweza kukutajia ukoo wa mtu yeyote pale kijijini, nani kamzaa nani, nani aliachika akarudi kwao, mpaka wewe mwenyewe unaomba apumzike. Kumbukeni hilo.

Miaka kadhaa nyuma, ule mwezi ambao baridi ya Ufipa inakufanya uogope maji, mama aliamka na maumivu upande wa kulia wa paji la uso. Akadhani ni upepo. Baada ya siku chache vikatoka vipele vya maji, vimejipanga kuanzia kwenye nywele hadi kwenye kope, upande mmoja tu. Upande wa pili ngozi safi kabisa.

Mkanda wa jeshi.

Wengi tunaujua wa kiunoni au kifuani, ule wanaokutisha kwamba ncha zikikutana ndiyo umekwisha. Wa usoni sisi hatukuwahi kuuona. Na mnajua mtu akipata mkanda huku kwetu anavyoangaliwa. Hakuna anayekupa pole kabla hajajiuliza kama umepima.

Basi mama akajifunga kanga kichwani mpaka mashavuni, akabaki ndani, akamwagiza Skola kwamba yeyote akija aambiwe ana mafua. Hata mimi kwenye simu niliambiwa mafua; ukweli Skola alinieleza baadaye. Hospitali hakwenda. Akapaka majani aliyoyajua mwenyewe, vidonda vikakauka, lakini jicho la kulia likabaki jekundu. Mpaka leo ni jekundu.

Nilikwenda kumwona baada ya mavuno. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, tukala ugali wa ulezi na maharage. Halafu akagusa paji la uso, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anazungumzia bei ya mbolea:

"Deo, kuna mgeni ameingia humu. Anatembea."

Nikamuuliza anatembea vipi. Akasema anasikia nyayo chini ya ngozi, zinaanzia kwenye jicho zinakwenda nyuma, halafu zinarudi. "Hata hodi hakupiga," akasema. "Amepita tu."

Mimi nikacheka, nikamwambia basi amtoze kodi. Yeye hakucheka. Aliendelea kuniangalia na lile jicho mpaka nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

Ikapita kama miaka miwili, ndipo kusahau kukaanza. Mwanzoni vitu vya kawaida. Chumvi mara mbili, mlango kuachwa wazi. Nani hasahau? Halafu rozari yake ikakutwa ndani ya debe la ulezi, na jembe likakutwa kitandani limefunikwa shuka vizuri.

Skola akimuuliza, jibu lilikuwa lile lile. Si yeye aliyeweka. Ni yule mgeni, anahamisha vitu.

Wakuu, mashine ikitaka kuharibika mimi naisikia kabla haijazima, mlio unabadilika kidogo tu. Kwenye simu nilikuwa naisikia sauti ya mama imebadilika, na hapo sikuwa na spana ya kushika. Iliniuma sana.

Ile hazina yake ya koo za watu ikaanza kuliwa, ila ikaliwa kinyumenyume. Walianza kupotea wajukuu, wakafuata wakwe, kisha majirani. Waliokufa zamani wote walibaki. Kiswahili nacho kikaondoka, akawa anajibu Kifipa kitupu hata kwa padri. Mimi akaanza kuniita kwa jina la kaka yake, mtu aliyefariki kabla sijazaliwa.

Halafu akaanza kutembea.

Kila asubuhi baada ya chai alichukua ufagio, akavuka kijito, akaenda upande wa malishoni. Kule ndiko yalikuwa makazi ya wazazi wake kabla watu hawajahamishwa kukusanywa vijijini, yeye akiwa bado msichana. Mahame matupu, hakuna hata ukuta. Siku hizi pale inakaa familia ya wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, na zizi lao la ndama liko juu ya mahame yenyewe.

Skola alimfuata siku moja. Akanipigia simu baadaye kunisimulia. Mama alisimama kando ya zizi akaita hodi, akangoja. Hakuna aliyejibu. Akaingia, akaanza kufagia.

Kilichomtisha Skola ni jinsi mama alivyokuwa anatembea. Haendi moja kwa moja. Anakata kona palipo patupu. Mahali fulani anainamisha kichwa, kama mtu anayepita mlango mfupi, halafu anakiinua. Jua linawaka, peupe kabisa, ndama wanamwangalia.

Sasa nyie wekeni pamoja. Bibi kizee, jicho moja jekundu, ufagio mkononi, anaingia kwenye zizi la watu asubuhi asubuhi. Na ndama mmoja akafa.

Maneno yakaanza kisimani, yakafika gengeni, yakanifikia mimi Mollo kupitia mteja aliyeleta mahindi kusaga. Niliogopa, sitaficha. Katika nchi hii bibi zetu wameumizwa kwa sababu ndogo kuliko hizo. Nikawa kila simu ikiita nashtuka.

Siku moja ikaita namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, lafudhi ya Kisukuma: "Wewe ndiye mtoto wa huyu bibi wa ufagio? Njoo uone mwenyewe." Ikakatika. Nikafunga mashine, nikapanda gari la kwanza lililopatikana.

Nilipofika Mwazye sikupita hata nyumbani. Yule mwanamke, Mama Kulwa, nilimkuta amekaa nje anatikisa kibuyu cha maziwa. Mume alikuwa porini na ng'ombe. Mama alikuwa ndani ya zizi anafagia, na ndama walikuwa wamehamishiwa upande mwingine.

Nikaanza kuomba radhi hata kabla ya salamu kuisha. Mama Kulwa akanikatiza, akasema ndama alikufa kwa ugonjwa wa kupe, waliona dalili wenyewe, mama hana kosa lolote. Hakuniitia hilo. Akainuka, akanipeleka kwenye kona ya zizi.

Akanieleza kwamba mama alisimama hapo, akawa anapiga ardhi kwa mguu na kurudia neno moja la Kifipa. Yeye Kifipa hajui, ikabidi amuulize jirani. Jirani akamwambia neno hilo maana yake ni mafiga. Wakalipuuza. Baadaye mume akachimba hapo hapo shimo la nguzo, jembe likagonga jiwe.

Nikachungulia. Chini ya samadi na udongo yalikuwepo mawe matatu, yametazamana vile vile yanavyopangwa jikoni, meusi kwa ndani.

Wakuu, hebu fikirieni. Mtu asiyejua jina la mwanawe ameweka mguu juu ya jiko la mama yake, mahali ambapo juu hapana alama yoyote, na hakukosea hata kidogo.

Kuna jingine. Mama Kulwa aliniambia kwamba mwanzoni mama akipiga hodi, yeye alikuwa anamjibu karibu ili kumtuliza. Mama akamkemea vibaya. Jirani akatafsiri tena: "Usiitike. Huyu aliye humu atadhani anaambiwa yeye." Huku anajionyesha paji la uso.

Tangu siku hiyo Mama Kulwa hajibu. Anamwacha aite, angoje, aingie.

Nikamleta mama mjini. Daktari tuliyempata alikuwa dada mmoja mtulivu, hana haraka. Akachukua vipimo vya damu, sukari, presha, na kile kipimo ambacho mama alikikimbia miaka yote. Hana kitu. Yaani alijificha na kanga kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Daktari akampa karatasi na kalamu, akamwomba achore saa ya ukutani. Mimi nikatafsiri. Mama akachora duara, akaacha uwazi chini. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema mlango.

Daktari akauliza kuhusu lile jicho, nikamweleza habari za mkanda. Habari za mgeni nilikuwa sijazitaja. Naapa sikuwa nimezitaja.

Akanieleza kwamba mkanda wa jeshi ni virusi vya tetekuwanga, ile ile tuliyougua utotoni. Ukipona haviondoki. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu vimenyamaza, pengine maisha yote, na kinga ya mwili ikishuka vinaamka. "Chukulia ni mgeni aliyelala chumba cha ndani," akasema, "na nyie mmeshasahau kwamba yupo."

Nilimwangalia mama. Mama alikuwa anaangalia dirisha.

Sasa hapa naomba nisomwe vizuri, maana humu kuna watu wa kukata kipande na kwenda kutangaza. Daktari hakusema mkanda ndio uliompa mama ugonjwa wa kusahau. Alisema watafiti wanachunguza uhusiano kati ya virusi vya kawaida kama hivi, na binamu zao wale wanaoleta vipele vya mdomoni baada ya homa, na ugonjwa wa kusahau uzeeni. Kuna dalili kwamba vinahusiana, na kuna nchi ambako waliochanjwa chanjo ya mkanda wameonekana kupata kusahau kidogo kuliko wengine. Lakini uthibitisho kamili bado, na wengi wanaugua mkanda na akili zao zinabaki timamu. Kwa mama yangu hakuna atakayejua kwa hakika. Mimi pia sijui.

Nikamuuliza daktari, kwa hiyo hata mimi ninaye huyo mgeni? Akasema kama uliugua tetekuwanga, unaye.

Niliugua. Mama ndiye aliyenipaka dawa.

Mama akarudi Mwazye, kwa sababu mjini alikuwa analia kutafuta mlango. Mama Kulwa na mumewe walihamisha zizi lote. Walioendelea na maneno yao ya uchawi, Mama Kulwa aliwajibu mbele za watu kisimani kwamba huyu siyo mchawi, huyu ni mwenye nyumba, sisi ndio wapangaji. Maneno yakapungua. Siku hizi mama anafagia kwa amani, na mimi nalala.

Ningeishia hapa ingekuwa stori nzuri.

Mwaka huu, nikiwa kwenye mashine, nikasikia kitu kinatembea ubavuni. Siyo kuwasha na siyo maumivu hasa. Kinatembea kutoka mgongoni kuja mbele, kinarudi. Nikazima mashine nikasimama kimya, kama vile ningeweza kusikia nyayo zake.

Vipele vilipotoka sikungoja mtu. Siku hiyo hiyo nikawa hospitali, nikapewa vidonge. Daktari akasema nimewahi, maana dawa inataka uanze mapema, ndani ya siku tatu ikiwezekana.

Wiki hiyo nikaenda Mwazye. Mchana, uani, nikavua shati Skola anipake dawa mgongoni. Mama alikuwa kwenye kigoda anaota jua, ananiita jina la kaka yake kama kawaida.

Akainuka. Akaja taratibu, akaweka kiganja chake ubavuni kwangu, juu kidogo ya vipele. Skola akaacha kupaka.

"Deo," akasema.

Jina langu. Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake muda mrefu mno. Na kwa Kiswahili, ambacho tulijua kimeshaondoka, akaongeza:

"Kashafika kwako. Akiita, usimwitikie."

Nilimshika mkono nikamwita mama, mama, nikitaka aseme neno jingine. Akaniangalia kwa upole, akaniita jina la mjomba, akarudi kwenye kigoda chake. Nililia mbele ya mdogo wangu na sikuona aibu.

Ninachowaachia ni hiki. Mzazi wako akipata mkanda, hasa wa usoni, mwondoe kwenye kanga mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimruhusu aone aibu. Akianza kusahau, msitafute mchawi, tafuteni daktari, maana zipo sababu nyingine zinazotibika. Na bibi akiingia uani kwako na ufagio, kabla hujaokota jiwe uliza kwao palikuwa wapi.

Vipele vyangu vimepona. Zile nyayo bado nazisikia siku mojamoja, asubuhi za baridi. Nazisikiliza tu mpaka zinyamaze.

Waliouguza wazazi wenye hali hii, semeni mlifanyaje. Wataalamu, nisahihisheni nilipokosea. Hata wenye utani wa ungo, ruksa.

Najua uzi wa humu huwa unafungwa kwa kuwaambia watu neno moja la ukarimu. Mnisamehe, mimi hilo neno siku hizi silitamki.