Dalili Alizozitaka Mzee wa Al Warqa

Kwa miaka kadhaa nilimhudumia mzee mmoja Myahudi katika nyumba ya mwanawe huko Al Warqa. Alizaliwa milimani Yemeni, na alikuwa ameshazeeka sana mwanawe alipomtoa huko kwa sababu ya vita, akamleta Dubai. Mimi natoka Machakos. Nilikuwa nimekaa Ghuba muda wa kutosha kukijua Kiarabu cha jikoni na cha hospitali, na Kiarabu chake cha milimani nikakizoea polepole. Mwanawe nilimwita sir, mke wa mwanawe madam. Yeye mwenyewe alitaka nimwite ammi, kama vijana wanavyowaita wazee kwao, naye aliniita binti.

Kazi yangu kubwa ilikuwa mguu wake wa kushoto. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwachia vidonda visivyopona, na kila asubuhi nilivisafisha na kuvifunga upya. Nilizoea kufungua bandeji zote kwa mara moja ili nimalize haraka. Siku moja akanishika mkono.

"Kimoja kimoja," alisema. "Fungua hiki, safisha, funga. Halafu uende kwa kingine."

"Kwani vinauma, ammi?"

"Haviumi. Ndivyo anavyofanya Masihi."

Nilidhani homa imempanda. Akanieleza kwamba wazee wao walikuwa na hadithi ya kale: Masihi yupo tayari duniani, amekaa penye lango la mji mkubwa pamoja na maskini na wagonjwa, naye mwenyewe ana vidonda. Wenzake wote hufungua vidonda vyao vyote kwa pamoja. Yeye hufungua kimoja tu, akakifunga, ndipo akafungua kingine, ili akiitwa asichelewe.

"Kwa hiyo mtamtambua kwa hilo?" nikamuuliza.

"Hapana. Hiyo ni hadithi. Kumtambua ni kwa kazi."

Jumapili hiyo nilikwenda Al Muraqqabat, kwenye chumba ambako wanawake wenzangu wa Kenya tulikutana kwa maombi. Nikawasimulia. Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa akifanya usafi hotelini, hakungoja nimalize.

"Mwambie Masihi alishakuja," alisema. "Vipofu waliona, wafu wakafufuka. Sasa yeye anataka nini tena?"

Kesho yake nilimfikishia mzee swali hilo nikiwa nimeinamia mguu wake. Hakukasirika. Alisema wao hawakufundishwa kuomba miujiza, kwa sababu miujiza hata mganga wa sokoni anaweza kuifanya. Masihi wao ni mtu, amezaliwa na baba na mama, wa ukoo wa Daudi. Atawakusanya Wayahudi waliotawanyika, Hekalu litajengwa tena Yerusalemu, na mataifa yataacha kupigana. Mtu akianza kazi hiyo akafa kabla hajaimaliza, basi huenda alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa yeye.

"Ukiwasha televisheni ukaona vita," alisema, "jua bado."

"Sisi tunaamini atarudi, ayamalize hayo."

"Basi hata kwenu kazi haijaisha," alisema, akanyoosha mguu niendelee.

Hakunishawishi, wala sidhani kama alitaka kunishawishi. Nilibaki na imani yangu, naye na yake, na vidonda nikaanza kuvifungua kimoja kimoja kwa kuwa ndivyo alivyopenda.

Miezi michache baadaye madam aliniambia niandae chumba cha wageni. Dada wa mzee alikuwa anakuja kutoka Israeli. Safari za ndege kati ya nchi hizo mbili zilikuwa zimeanza muda si mrefu, na sir alikuwa amemtafuta shangazi yake mpaka akampata. Mzee na dada yake hawakuwa wameonana kwa zaidi ya miaka sabini.

Mzee alinieleza mwenyewe jinsi walivyotengana. Walipokuwa watoto, habari zilifika kijijini kwamba ndege zinawachukua Wayahudi kuwapeleka Yerusalemu. Watu wakasema ukombozi umefika, zile ndege ndizo mbawa za tai zilizoahidiwa katika maandiko. Wakauza nyumba, wakafunga mizigo. Baba yake alikataa. Alisema ndege ina rubani, na rubani anajulikana ni nani, ni Mwingereza. Akauliza, Masihi yuko wapi? Mama yao alikuwa ameshafariki. Mjomba wao, kaka wa mama, akamchukua msichana kwenda naye, na mvulana akabaki na baba. Walibaki wakingoja. Baba yake alifia hapo.

"Baba yako alikosea?" nilimuuliza.

"Dada yangu atasema alikosea," alijibu. "Kama ndiye kweli."

Alikuwa na wasiwasi huo tangu mwanzo. Picha aliyotumiwa kwenye simu ilikuwa ya bibi asiyemjua.

Alipofika, kweli alikuwa bibi tusiyemjua. Mfupi, mwenye raba nyeupe miguuni na nywele alizozipaka rangi nyekundu, anatembea upesi kuliko fimbo yake. Kiarabu chake kilikuwa cha mtoto, maneno machache ya nyumbani yaliyokaa bila kutumika. Alimbusu kaka yake usoni, akalia. Mzee hakulia. Alimngoja akae, kisha akamuuliza mbele ya watu wote:

"Punda wetu alikuwa na alama gani?"

"Punda gani?"

"Aliyewabeba siku mliyoondoka."

Hakukumbuka punda. Badala yake akasema anakumbuka kaka yake akimfukuzia yule punda hadi barabarani, akipiga kelele kwamba naye anataka kwenda, mpaka baba yao akaja kumvuta kwa sikio.

"Sikufanya hivyo," mzee alisema.

"Ulifanya. Ulikuwa peku."

"Mimi sikutaka kwenda. Nilikuwa upande wa baba."

Madam akaleta chai. Usiku huo, nilipokuwa namlaza, nilimuuliza kama ni yeye. Akasema dalili hazijatimia.

Dada huyo alikaa kwetu wiki nyingi. Kila siku waligombana, na ugomvi ulikuwa mmoja tu. Dada alisema ukombozi umeanza: watu waliotawanyika wamerudi, jangwa limelimwa, lugha iliyokuwa ya vitabuni inasemwa na watoto sokoni. Baba yao alitaka kuona kila kitu kimekamilika ndipo aamini, na kwa hivyo akakosa. Mzee alijibu kwamba kitu kilichoanza si kitu kilichokwisha, na kwamba wengi huko nyuma waliuza nyumba zao kwa sababu mtu fulani alisema siku zimefika.

"Ulikuwa mtoto," alimwambia. "Ulipewa peremende kwenye ndege, ukadhani umemwona Masihi."

"Sikupewa peremende. Nilitapika njia nzima."

Walikuwa wakizungumza Kiarabu ili waelewane, na dada akikosa neno anaruka kwenye Kiebrania, hapo mimi nabaki nyuma. Nakumbuka kwamba sikuwa upande wa yeyote. Niliona tu kwamba mzee alianza kula vizuri, na kwamba asubuhi aliniuliza kabla ya salamu kama yule mwanamke ameamka.

Mchana, mzee akilala, dada alikaa jikoni kwangu na simu. Aliniagiza sokoni Al Ras nikamnunulie unga wa uwatu wa kutengenezea mchuzi wa kwao, akauloweka na kuupiga kwa mkono mpaka ukatoa povu, huku simu ameiegemeza kwenye bakuli akizungumza na watu. Sikujua ni akina nani. Baadaye nikafahamu: walikuwa wajukuu wa mjomba, watoto wa binamu, mjane mmoja wa London, vijana wawili wa Amerika. Wengi hawakuwa wamewahi kumsikia huyo mzee wa Dubai. Aliwapigia mpaka wakachoka kukataa.

Walifika kabla ya Sabato ya mwisho ya ziara yake. Sir alikodi meza za ziada tukaziunganisha kutoka sebuleni hadi kwenye veranda. Vijana wa Amerika walikuwa na vishungi vya nywele mashavuni na kofia kubwa, mjane wa London alikuwa na kiti cha magurudumu, na watoto walikimbia bila viatu kwenye marumaru. Lugha zilikuwa tatu au nne. Jua lilipokaribia kuzama wanawake waliwasha mishumaa. Mzee alikaa mwisho wa meza, akawatazama mmoja mmoja, akauliza kila mtu ni mtoto wa nani.

Asubuhi nilipofungua kidonda cha kwanza akaniambia, "Yule ni dada yangu."

"Umejuaje? Ya punda hakuyakumbuka."

"Watu wa ukoo wetu walitawanyika. Jana wamekula meza moja. Nani aliwaleta?"

"Yeye."

"Basi."

Nikamtania. "Kwa hiyo ndiye Masihi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la maana. "Masihi ana watu wengi zaidi wa kuwapigia," alisema.

Kesho yake nilimsikia kwa mara ya kwanza akimwita dada yake kwa jina la utotoni. Dada aliendelea kumkata kucha.

Dada aliahidi kurudi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo vita vilizuka huko kwao, safari yake ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Walizungumza kwa simu, mzee akitazama televisheni iliyozimwa sauti. "Unaona?" alimwambia. "Bado." Sikumsikia dada akibisha tena, alimuuliza tu kama amekula.

Mzee alifariki majira ya baridi, mapafu yalipojaa maji. Walimzika upesi, kama desturi yao ilivyo, na dada hakuwahi kufika. Alinipigia mimi badala ya madam, akataka kujua maneno ya mwisho ya kaka yake.

"Aliomba maji," nilimwambia. "Nikampa. Akasema yana baridi mno."

"Hakumtaja Masihi?"

"Hapana."

Akaniuliza kama nimeshapata kazi nyingine.